Picha Ambayo Baba Alitaka Ifutwe

Katika nyumba hii anayeamka wa kwanza ni binti mkubwa. Yeye ni msusi. Huchemsha chai, humtania baba yake, kisha huyo, saluni. Baba ni seremala. Kila asubuhi huhangaika kutafuta penseli, na kila asubuhi penseli iko sikioni mwake.

Siku moja mteja alipoteza pete saluni. Akamnyooshea kidole msusi. Polisi wakaja, wakamchukua. Kituoni aliingizwa katika chumba kidogo. Askari wa kike akamwamuru avue nguo zote, akampekua. Mlango uliachwa wazi. Askari wa kiume alisimama pale, ameegemea ukuta, akitazama. Juu kulikuwa na kamera.

Jioni mteja alipiga simu. Pete ilikuwa ndani ya mkoba wake mwenyewe! Msusi akaachiwa. Hakuna aliyemwambia hata pole.

Tangu hapo hakwenda kazini. Alimsimulia mama yake, na mama akamsimulia baba.

"Kamera?" baba aling'aka. "Mwanangu yumo uchi ndani ya mashine ya watu? Picha hiyo ifutwe leo hii!"

Alikwenda kituoni amejiandaa kugombana. Lakini mkuu wa kituo alimvutia kiti.

"Karibu, mzee. Hata sisi hatupendi aibu. Kesho mlete binti aseme mwenyewe kwamba hana malalamiko na anataka picha ifutwe. Yataisha."

Baba alirudi nyumbani akipiga mluzi. Uani alimkuta mama anachambua mchele pamoja na jirani yao. Jirani huyu ni msaidizi wa sheria. Huwasaidia watu wanaoonewa na wenye ofisi, na ulimi wake hauna breki.

"Shemeji, mkuu wa kituo amekuvutia kiti?" jirani aliuliza.

"Kwa mkono wake."

"Na wewe ukakaa."

"Nisimame kwani mimi mlingoti?"

"Mimi nakwenda pale miaka yote, sijaonyeshwa hata benchi. Hukujiuliza kwa nini wewe umebembelezwa?"

"Nijiulize nini? Ni aibu ya mwanangu!"

"Aibu si ya mwanao. Ni ya walioacha mlango wazi. Na ushahidi wa mlango huo ni picha hiyo hiyo unayotaka ifutwe."

Baba aliketi. Mluzi ulikuwa umemwishia.

"Kumpekua mtu kwa kumvua nguo kuna kanuni zake," jirani alieleza. "Kwanza aambiwe sababu. Askari wanaompekua wawe wa jinsia yake. Mlango ufungwe. Havuliwi nguo zote kwa pamoja. Avue za juu, azivae, ndipo avue za chini. Na kamera iwake tangu mwanzo hadi mwisho, picha na sauti."

"Hapo ndipo sikuelewi," alisema mama. "Kamera ya nini kwa mtu aliye uchi?"

"Ili askari asifanye atakalo halafu akakana, dada yangu. Na askari mwema naye inamlinda, asije akasingiziwa. Lakini picha hizo si sinema. Zinafungiwa. Mkilalamika, anazitazama mchunguzi aliyeruhusiwa tu, na mnaweza kuomba awe mwanamke. Uchunguzi ukiisha, ndipo mzungumze habari ya kuzifuta."

"Mnanijadili kama godoro la kuuza," ilisikika sauti. Binti alikuwa amesimama mlangoni. "Mwili ni wangu. Na wakiitazama wataona nini? Nilikaa kimya. Sikusema neno. Watasema niliridhika."

Alikuwa akijichukia kwa ukimya huo. Hilo ndilo lililomlaza kitandani mchana kutwa.

"Kukaa kimya kwa hofu si kuridhika," alisema jirani. "Mlango unapaswa kufungwa kwa kila anayepekuliwa, apige kelele asipige. Lakini uamuzi ni wako, mwanangu. Si wangu, wala si wa baba yako."

Kesho yake binti alikwenda kituoni na baba yake. Mkuu alikuwa amekwisha kuwavutia viti. Binti hakukaa.

"Sitaki ifutwe," alisema. "Nataka itunzwe. Malalamiko nimeyapeleka makao makuu ya polisi asubuhi hii."

Tabasamu la mkuu likapotea.

Mchunguzi aliyetumwa alikuwa mwanamke. Aliitazama picha peke yake, amejifungia. Alipomaliza kazi yake aliwaita binti na baba, akawapa matokeo. Askari wote wawili walikuwa wamesimamishwa kazi na watashtakiwa. Mkuu wa kituo naye atajieleza. Chumba cha upekuzi kimetiwa komeo kwa ndani, na kanuni zimebandikwa ukutani ili kila anayeingia azisome.

"Picha sitawaonyesha," alimwambia binti. "Lakini sauti yako ipo. Ungependa kuisikia?"

Binti alisita, kisha akaitikia kwa kichwa. Mchunguzi akageuza kioo cha kompyuta, kikatazama ukuta.

Sauti ilikuwa nyembamba, inatetemeka. "Funga mlango, dada. Tafadhali, funga mlango." Kikafuata kicheko cha mwanaume. Kisha sauti ile tena, safari hii kwa nguvu: "Nimesema funga mlango!"

Binti alishika meza.

"Nilisema," alinong'ona. "Baba, kumbe nilisema."

"Ulisema, mwanangu," alijibu baba huku analia. "Tena ulisema kwa sauti."

Jumatatu iliyofuata binti alifika saluni kabla ya mwenye funguo.