Vuta Mkanda Mpaka Mwisho

Kila Alhamisi Kaoutar alichuja mawese. Alipanga bidoni, madumu yake ya njano, mbele ya nyumba, karibu na barabara kubwa ya Rumonge. Kisha akamimina mafuta polepole kupitia kitambaa safi. Mumewe, Hakimu, alikuwa nyuma ya nyumba akikamua ngazi, matunda ya mchikichi.

Ngazi hizo zilitoka kwenye shamba lao la michikichi kule Kigwena. Hakimu aliachiwa shamba hilo na mama yake. Lilikuwa dogo, lakini ndilo lililowalisha. Ndilo lililowainua tena mwaka ule Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia katika nyumba yao ya zamani, kule chini karibu na bandari.

Alhamisi hiyo Kaoutar alisikia kitu kabla hajakiona. Kilianzia chini, kwenye nyayo zake. Mafuta ndani ya beseni yakatetemeka, yakafanya miduara midogo. Halikuwa lori la saruji, wala halikuwa basi la Bujumbura. Sauti ilikuwa nzito na tulivu, kama ya mnyama mkubwa aliyeshiba.

Gari likaja na kusimama mbele ya bidoni.

Lilikuwa jekundu, wekundu wa mawese mapya kabla hayajaganda. Lilikuwa la chini, refu, na milango yake ilikuwa miwili tu. Mtu wa baiskeli alishuka akasimama. Mwanamke mwenye sinia la samaki wadogo, ndagala, kichwani alilitua chini ili aangalie vizuri. Kaoutar alisahau kwamba alikuwa akimimina. Bidoni ikajaa, mafuta yakamtiririkia mguuni.

"Shemeji, mafuta yanamwagika," mtu akasema.

Alikuwa Isaka, rafiki wa Hakimu tangu utoto wao. Isaka alikuwa komisioneri: kazi yake ni kumtafutia mwenye mali mnunuzi, na mnunuzi mali. Alitoka garini taratibu, kama anayevuliwa kutoka ndani ya ganda.

"Acha yamwagike," Kaoutar akajibu. "Isaka, umeiba kwa nani kitu hiki?"

"Muulize mume wako. Yeye ndiye anayekitaka."

Hakimu alikuja mbio, kisha akasimama ghafla. Aliona mikono yake imejaa mafuta, akaificha nyuma, kama mtoto anayeogopa kuchafua nguo za Idi. Akalizunguka gari mara nyingi bila kuligusa.

"Mama Aliya," akamwambia mkewe kwa sauti ndogo, "kila Jumamosi harusi zinapita hapa. Gari ya bibi harusi inakodiwa Bujumbura. Mwezi uliopita ilifika wakati wageni wamekwisha kula na kwenda kwao. Tukiwa na hii hapa Rumonge, nani atapiga simu Bujumbura?"

Isaka akadakia. "Na bei iko nusu. Ndugu yangu, nusu ya bei ya magari kama haya. Mwenyewe anahamia Ulaya, anataka kuuza haraka. Lakini iko mutu wa Kabezi anaingoja. Mwisho wangu ni Jumapili."

"Na sisi nusu hiyo tunaitoa wapi?" Kaoutar akauliza.

Hakimu akatazama chini. "Shamba la Kigwena limepata mnunuzi. Jumamosi tunatia saini."

Kaoutar akaifunga bidoni iliyojaa. Moyo wake ulikuwa umegawanyika. Aliliogopa neno lile, shamba, lakini macho yake hayakutaka kutoka kwenye gari.

"Ingia, shemeji," Isaka akasema. "Kaa kidogo kama bibi harusi."

Aliifuta miguu yake kwa kitambaa cha kuchujia, ndipo akaingia. Kiti kilimpokea kama kiganja. Ngozi yake ilikuwa laini kama sikio la ndama. Isaka alipobonyeza kitufe, taa ndogo za bluu zikawaka mbele yake, nyingi, kama taa za wavuvi ziwani. Kaoutar alizigusa moja moja. Alifikiri juu ya watu walioliunda. Walikuwa wamefikiria kila kidole cha mtu, kila mfupa wa mgongo wake. Hakujua kwamba binadamu wanaweza kuunda kitu namna hii.

Manukato yalikuwa mengi ndani. Lakini chini ya manukato palikuwa na harufu nyingine, ndogo, ya mbali. Kaoutar aliijua, ila hakukumbuka ni ya nini. Akafumba macho. Ndipo akakumbuka godoro.

Lilikuwa godoro lao la nyumba ya zamani, siku walipolitoa baada ya maji kupungua.

Akatoka garini. Kaoutar alikuwa mtu wa kutazama kwanza.

Jioni, walipokuwa wakila, akaanza polepole.

"Baba Aliya, ile gari ni nzuri. Sijaona kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe."

Hakimu akatabasamu. "Unaona."

"Naona. Lakini inanuka kama nyumba yetu ya zamani."

Hakimu akacheka, kisha akaacha kucheka. Alichukua simu akampigia Isaka. Walizungumza kidogo, akarudi kula akiwa na amani.

"Ni kweli ziwa lilifika pale ilipokuwa inalala, Bujumbura. Lakini maji yalifika kwenye tairi tu. Na tena ni maji ya Tanganyika, si ya bahari. Hayana chumvi. Mwaloni, pale ufukweni, wanaosha magari na maji hayo hayo kila siku. Sisi wenyewe tumekua tukiyanywa. Yatadhuru nini?"

Kaoutar akageuza kichwa, akatazama pembeni mwa chumba. Pale ilikaa cherehani yake, imefunikwa kanga.

"Na ile? Si ilikunywa maji hayo hayo?"

Hakimu aliitazama. Aliikumbuka vizuri. Kaoutar aliikausha juani, akaifuta, akaitia mafuta. Ikashona vizuri kabisa, wakashukuru Mungu. Kisha siku moja, katikati ya mkono wa gauni la mteja, ikakwama, na haikuzunguka tena.

"Cherehani ilikuwa ya zamani," akasema.

"Sawa. Sikatai gari. Naomba kitu kimoja tu. Fundi Ernestina aione kabla hujatia saini."

"Isaka ataona namudharau."

"Mutu akinunua ng'ombe anamufungua mdomo kutazama meno. Umeona mwenye ng'ombe amekasirika?"

Hakimu akaosha mikono. "Haya. Kesho."

Ernestina alikuwa jirani yao. Wazazi wake walikimbilia Tanzania zamani, naye alizaliwa huko, katika kambi. Huko ndiko alikojifunza ufundi wa magari. Waliporudi Burundi, alifungua gereji ndogo nyuma ya soko. Asubuhi alikuja na ovaroli yake, tochi na kofia.

Alipoliona gari, lililokuwa limelala hapo mbele ya nyumba, alivua kofia.

"Jamani," akasema. "Aliyeliunda hili, siku hiyo aliamka vizuri."

"Ameanza Kiswahili chake cha Kigoma," Hakimu akatania. "Sema bei ni nzuri, tumalize."

"Bei nusu si zawadi, kaka. Ni swali. Ngoja tulijibu."

Isaka akanyoosha mkono kuwasha injini. Ernestina akamzuia.

"Usiwashe. Nalitaka likiwa baridi."

"Unataka kulipima homa kama mutoto?"

"Ndiyo hasa. Injini mbovu ikishapata moto huficha ugonjwa. Asubuhi haijui kudanganya."

Kwanza aliomba karata ya gari, ile hati ya usajili. Akasoma namba zake, kisha akalala chini akazitafuta namba zilizochongwa kwenye chuma. Zilifanana. "Si la wizi," akasema, na Isaka akapumua. Kisha akamulika taa za mbele. Ndani ya kioo palikuwa na ukungu mwembamba, na chini yake alama ya maji yaliyokauka.

"Taa imetoa jasho ndani," akasema. "Haya. Tusiseme bado."

Akafungua mlango. Akagusa zulia la chini, akamwonyesha Hakimu. Viti vilikuwa vya siku nyingi, lakini zulia lilikuwa jipya. Akasukuma kiti nyuma. Reli yake ilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa.

"Kutu kidogo," Isaka akasema. "Hata jembe langu iko na kutu."

"Jembe lako halina umeme." Ernestina akakaa kwenye visigino vyake. "Sikilizeni. Gari likiingia maji, watu hulisafisha. Hubadili zulia, hufuta ngozi, humwaga manukato. Lakini iko sehemu moja ambayo wengi huisahau. Kaoutar, mdogo wangu, ingia. Shika huo mkanda wa kufunga kifuani. Uvute. Usiache mpaka ukatae."

Kaoutar akaingia, akashika mkanda, akavuta.

Mkanda ulitoka mweusi, safi, unateleza. Akavuta tena. Ukatoka zaidi ya urefu anaouhitaji mtu kujifunga. Bado ulikuwa mweusi. Isaka akaanza kutabasamu. Kaoutar akavuta tena, na rangi ikabadilika.

Palikuwa na mstari. Ulinyooka kama uliochorwa na rula. Baada ya mstari, mkanda ulikuwa wa kahawia, mgumu kama mkeka uliolowa ukakauka. Vumbi laini la tope likamwagikia mapajani.

Kaoutar aliijua rangi ile. Mstari kama ule ulibaki ukutani mwa nyumba yao ziwa lilipoondoka. Waliupaka chokaa, ukarudi. Wakaupaka tena, ukarudi.

"Sasa tazama," Ernestina akasema. Akaurudisha mkanda taratibu, akaweka kidole mlangoni pale mstari ulipofikia. "Maji yalisimama hapa."

Kidole kilikuwa sawa na kifua cha Kaoutar. Ndani ya kile kiti kizuri aliona ziwa limemfika moyoni. Ziwa lile lile wanaloteka ndoo kila asubuhi lilikuwa limelimeza hata gari hili.

Hakimu alikuwa bado anatafuta njia. "Lakini ni maji matamu, fundi. Mwaloni kila siku..."

"Mwaloni maji hupita nje, kaka, hutiririka, na jua hukausha. Hapa yalikaa ndani, na tope lake. Chini ya kiti hiki kuna kisanduku cha umeme, ndicho ubongo wa gari. Nyaya zake ni nyembamba kama nywele. Leo litawaka, tena litanguruma mpaka watu wote watoke nje. Lakini kutu inakula polepole. Siku moja uko barabarani, bibi harusi yuko ndani, na taa zinazima. Au siku ya ajali, ile mifuko ya hewa inayokinga watu inakaa kimya."

Hakimu alitazama mikono yake. "Inakwama katikati ya mkono wa gauni," akasema.

Kaoutar alimwangalia mumewe.

Isaka alikuwa amekaa juu ya bidoni tupu. "Mimi niliambiwa ni tairi tu," akasema. "Haki ya Mungu. Sikujua kama mkanda unavutwa hivyo."

"Sasa unajua," Ernestina akasema. "Mwite mtu wa Kabezi, umwonyeshe mkanda huo kabla hajatoa pesa. Na wewe, Hakimu, siku nyingine usiahidi pesa, hata avansi ya kutanguliza, kabla gari halijaonwa na fundi. Tena awe fundi wako, si wa muuzaji."

Hakimu alimpigia simu yule mnunuzi wa shamba. Alizungumza akiwa amewapa mgongo. "Shamba haliuzwi," akasema. "Nisamehe, ndugu. Murakoze, asante."

Kisha gari jekundu likawashwa na kuondoka. Mafuta yakatetemeka tena ndani ya beseni. Watu wakasimama tena kando ya barabara, na Kaoutar akasimama pamoja nao mpaka lilipopotea. Uzuri wake ulikuwa wa kweli. Ugonjwa wake nao ulikuwa wa kweli.

Hakimu alihuzunika siku nyingi. Alikamua ngazi bila kuimba. Lakini michikichi ya Kigwena ilizaa vizuri, na mawese yakapata bei. Baada ya mavuno mawili, Isaka alirudi. Safari hii alikuja kwa miguu.

"Nimepata nyingine, Gitega, kule milimani," akasema. "Ya mbio vilevile, milango miwili. Rangi ni ya fedha, tena imezeeka kuliko ile. Kiti kimoja kimepasuka. Bei si nusu. Tukichanga mimi na wewe, inawezekana. Na mkanda nimeuvuta."

"Umeuvuta mpaka mwisho?" Kaoutar akauliza.

"Mpaka ukanikatalia, shemeji."

Hata hivyo walipanda Gitega pamoja na Ernestina. Injini ilikuwa baridi. Namba zilifanana, reli za viti zilikuwa kavu. Kaoutar aliingia akavuta mkanda mwenyewe, na ulikuwa mweusi mpaka uzi wa mwisho. Waliandikiana mkataba, ndipo pesa zikatoka.

Sasa gari la fedha hulala Rumonge. Hutoka Jumamosi tu, maana esanse, petroli yenyewe, ni ya kutafuta. Kaoutar ndiye hulipamba kwa utepe na maua. Pesa za kwanza zilimnunulia cherehani.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti wa jirani yao Gatete, jina lake Clotilda. Hakimu alivaa kanzu nyeupe, mikono yake safi. Alimfungulia bibi harusi mlango. Lakini kabla Clotilda hajaketi, Hakimu aliinama akavuta mkanda, akavuta, akavuta mpaka mwisho.

"Unatafuta nini, kaka?" Clotilda akauliza, ameshika gauni lake.

"Natafuta ziwa," Hakimu akasema.

"Limo?"

"Halimo. Kaa, mama."

Injini ikawaka. Lilipopita mbele ya nyumba yao, Kaoutar, kitambaa mkononi hata Jumamosi hiyo, alitazama ndani ya beseni. Mafuta yalikuwa yanafanya miduara.