Dorina na Chachu ya Bibi

Dorina anaishi juu ya kilima, huko Italia. Leo theluji imefunika mapaa yote ya kijiji.

Jikoni, Mama anafunga kijungu cha udongo kwa kitambaa. Ndani yake mna chachu. Ni unga na maji tu, lakini inapumua.

Pluku! Pluku!

"Bibi yako alinipa chachu hii siku nilipoolewa," anasema Mama. "Sasa ile aliyobaki nayo imekufa kwa baridi. Kesho tanuri la kijiji chake linawashwa, na Bibi hana cha kuumulia mkate."

"Nitaibeba mimi!" anasema Dorina.

"Isipate baridi, eh? Ikipata baridi..." Mama anampa kijungu.

Dorina anaweka kijungu ndani ya koti, juu ya tumbo lake lenye joto. Baba anamfunga vifungo vyote, mpaka kidevuni. Dorina na Baba wanaondoka.

Kru, kru, kru, inalia theluji chini ya viatu.

*Chachu, chachu, usipoe.*
*Bado vilima vitatu tufike.*

Kwenye kilima cha kwanza, Dorina anatazama chini. Ukungu umejaa bondeni kama maziwa ndani ya bakuli. Vijiji vinaelea juu yake, kimya, kila kimoja na mnara wake.

*Chachu, chachu, usipoe.*
*Bado vilima viwili tufike.*

Kwenye kilima cha pili, Bi Nunziata anafagia theluji mlangoni pake.

"Ala! Dorina! Umemeza boga?"

"Si boga, Bi Nunziata. Ni chachu ya Bibi."

"Basi tembea, usisimame na mimi! Chachu haipendi umbea."

*Chachu, chachu, usipoe.*
*Bado kilima kimoja tufike.*

Kilima cha tatu ni kirefu. Dorina anafungua kifungo kimoja. Anachungulia.

Anachungulia tena.

Anachungulia mara ya tatu, na upepo nao unachungulia. Fyuuu!

Dorina anasikiliza. Hakuna pluku.

"Baba," ananong'ona. "Haipumui."

Baba anachuchumaa. Anatega sikio. "Mmh. Labda imelala. Wewe ukisikia baridi, unataka nini?"

"Kukumbatiwa."

"Na kuchunguliwa?"

"Hapana."

"Haya basi."

Dorina anavua skafu yake nyekundu. Anakizungushia kijungu, mara moja, mara mbili. Shingo yake inapata baridi. Mikono yake inakumbatia.

Hachungulii tena. Anataka. Anataka sana! Lakini hachungulii.

Ko, ko, ko.

Bibi Ersilia anafungua mlango. Mikono yake imejaa unga.

"Bibi, nimechungulia mara tatu," anasema Dorina, na machozi yanamtoka.

"Mara tatu tu? Mama yako alichungulia njia nzima, akiwa amevaa gauni lake la harusi!"

Bibi anaweka kijungu karibu na moto. Anailisha chachu kijiko cha unga. Anainywesha maji ya uvuguvugu.

Wanakaa. Wanangoja.

Nje, theluji inaanguka. Sss... sss...

Dorina anaficha mikono nyuma, isije ikafungua kitambaa yenyewe.

Sss... sss...

Pluku.

"Bibi!"

Pluku! Pluku!

"Imeamka," anasema Bibi, na anambusu Dorina kwenye pua. Sasa pua ya Dorina nayo ina unga.

Jioni, Bibi anakanda donge kubwa la unga lenye chachu. Analiweka kwenye bakuli na kulifunika blanketi la sufu. Kisha anamfunika Dorina blanketi lingine.

"Bibi, nichungulie donge? Kidogo tu?"

"Lala wewe."

Nje, vijiji vinaelea juu ya ukungu, na taa zao ndogo ndogo. Ndani, chini ya blanketi moja, donge linaumuka polepole. Chini ya blanketi la pili, tumbo la Dorina linapanda na kushuka, linapanda na kushuka.

*Chachu, chachu, ulale.*
*Hakuna tena kilima mbele.*

Pluku.