Neno la Siri la Ofisi ya Mama

Kila siku baada ya masomo, basi la shule lilimshusha Gentille mbele ya ofisi ya mama yake katika mji wa Jeffersontown. Ilikuwa ofisi ndogo ya kutunza wazee majumbani. Mama yake, Josiane, alikaa mapokezi akipanga nani aende kwa mzee gani na dawa ipi itolewe saa ngapi. Gentille aliwasalimu wakubwa, akapewa chapati yake, kisha akaketi pembeni na daftari lake.

Siku moja kompyuta ya mama iligoma kuingia mtandaoni. Mama alikuwa na simu sikioni na nyingine inalia.

"Bon, mwanangu, niandikie hapa neno la siri," alisema, akamtajia. "Ukimaliza, lifute kichwani."

Gentille hakulifuta.

Jumatano ilikuwa siku ya sala ya ukoo. Koko, bibi yake aliyekaa mtaa wa Black Rock kule mji wa Buffalo, aliongoza kwa simu ya video, na shangazi Cibalonza akaitikia kutoka Columbus. Jumatano hiyo bando la Gentille lilikuwa limekwisha. Akiwa pale ofisini, akaingiza neno la siri kwenye tableti yake, na uso wa Koko ukatokea safi bila kukatika.

"Leo nakuona mpaka meno!" Koko alicheka.

Gentille alijituliza moyo kwamba anasali, haibi.

Ijumaa gari la kanisa liliwapitia kwenda mazoezi ya kwaya. Watoto walisubiri humo ndani mama afunge ofisi. Cubaka, mpiga ngoma, alichungulia tableti ya Gentille.

"Una waifai! Tupe na sisi."

"Hapana. Ni ya ofisi."

"Mchoyo wewe! Si Koko wako husema kule kambi ya wakimbizi hakuna aliyemnyima jirani kaa la moto?"

Ni kweli, Koko aliipenda hadithi hiyo. Ukimpa jirani kaa moja, jiko lako halipungui kitu. Gentille akaona waifai nayo ni hivyo hivyo. Tena nani anataka kuitwa mchoyo mbele ya kwaya nzima? Akawatajia. Cubaka akashusha mchezo wa mpira, wa bure, kwenye simu yake.

Jumatatu Gentille alipofika, hakuna aliyeitikia salamu yake. Kompyuta zote zilikuwa zimefungwa, na hata fundi hakuweza kuzifungua. Chebet, Mkenya aliyeongoza ofisi, alisimama mbele ya meza ya mama.

"Josiane, fundi anasema virusi vimeingia na kifaa cha mtu wa nje, ndani ya mchezo wa bure. Neno la siri tulilijua wawili tu, mimi na wewe. Ulimpa nani?"

"Mungu ni shahidi yangu, madam. Sikumpa mtu."

Gentille aliacha kutafuna chapati.

Hapo simu ililia. Mzee Sebagabo, jirani yao mtaa wa Iroquois na mmoja wa wazee waliotunzwa na ofisi, hakuwa amefikiwa na mhudumu tangu asubuhi, kwa kuwa ratiba ilikuwa ndani ya kompyuta zilizofungwa. Hakupata dawa yake ya sukari. Jirani mwingine alimkuta sakafuni, amelegea, na gari la wagonjwa limemchukua.

Chebet akasema, "Weka ufunguo wa ofisi mezani, Josiane. Nenda nyumbani. Nitakuita kama utarudi."

Mama hakulia. Aliuchomoa ufunguo taratibu huku midomo ikitembea, na Gentille alijua anasali. Mama aliamini amesema kweli, lakini kweli yake haikukamilika. Kipande kilichobaki alikuwa nacho Gentille.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Ni mimi, madam. Nilitaka kusali na Koko. Halafu nikawapa watoto wa kwaya."

"Ngoja kwanza," Chebet alisema. "Wewe?"

Mama aligeuka. "Donc, yaani mimi naapa kwa Mungu, kumbe siri imekaa hapo pembeni inakula chapati yangu?"

Gentille angeona heri kuchapwa.

Fundi alihangaika siku kadhaa mpaka kompyuta zikafunguka. Neno la siri lilibadilishwa, na hakuna simu ya mtu binafsi iliyoruhusiwa tena kwenye mtandao wa ofisi, hata ya Chebet mwenyewe. Mama alirudishiwa ufunguo pamoja na onyo kali, maana ndiye aliyemtajia mtoto neno hilo. Mzee Sebagabo alipotoka hospitali, Gentille na Cubaka walikwenda kumwomba msamaha.

"Nilidhani mmenisahau," mzee aliwaambia tu. Cubaka alitazama viatu vyake.

Jumatano walisali nyumbani kwa simu ya mama. Kabla ya sala Gentille alieleza yote. Koko alinyamaza sana.

"Koko, umekatika?"

"Sijakatika. Nasikiliza." Akavuta pumzi. "Hadithi yangu mmeishika nusu. Makaa tulipeana, ndiyo, lakini kila mmoja alitoa kwenye jiko lake. Tena uliyempa ulimsindikiza kwa macho mpaka afike, maana upepo ukipuliza cheche moja, mahema yote yanaungua. Ule moto haukuwa wako, mjukuu wangu. Na sala haikisafishi kitu ulichochukua bila ruhusa. Cha wenyewe kiombe. Wakikunyima, kaa bila nacho."

"Ndiyo, Koko."

"Bon. Tusali. Tuanze na Mzee Sebagabo."

Picha iliganda, Koko amefumba macho. Sauti iliendelea kuja kwa vipande vipande. Gentille aliinama karibu na simu asikose neno, na kila sauti ilipokatika alingoja.