Mashuka ya Siku ya Ukaguzi

Kila akitoka shuleni, Kiberiti alivua sare, akala kilichobaki jikoni, kisha akaenda uani kumsaidia shangazi yake kufua. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu hakukawia kuwaka. Shangazi alikuwa dobi. Ua wao ulijaa mabeseni, na kamba za kuanikia zilipita huku na huku hata mtu mrefu ilimbidi ainame.

Siku hiyo palikuwa na furushi kubwa la mashuka meupe. Kiberiti aliyatambua kabla hajayagusa. Yalitoka katika nyumba ya kushikilia watoto wenye kesi, ile yenye ukuta mrefu nyuma ya kituo cha mabasi. Ndimo alimokuwa kaka yake, aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, tangu kabla ya mvua kuanza.

"Kesho mkaguzi anakuja?" aliuliza.

"Nani kakwambia?"

"Mashuka. Yakiletwa tu, ujue mkaguzi yuko njiani."

Shangazi alitumbukiza shuka kwenye beseni, na maji yakageuka rangi ya vumbi la stoo.

"Shangazi, Twiga hajawahi kulalia haya. Aliniambia mwenyewe. Wanalala chini, kwenye saruji, juu ya magunia. Mkaguzi akija ndipo vitanda vinatandikwa. Gari lake likitoka getini, kila kitu kinarudi stoo. Na kile kikohozi chake, unadhani kimetoka wapi?"

"Sikia, we mtoto. Kazi hii ndiyo inayotulisha. Yule msimamizi wa nyumba ile akinuna, madobi wamejaa tele mjini. Na Twiga atabaki kulekule, mikononi mwake. Hilo umelifikiria?"

Kiberiti alisugua shuka kana kwamba limemtukana. Alimkasirikia msimamizi. Alimkasirikia shangazi kwa kunyamaza. Alimkasirikia kinyozi wa mtaani kwao, ambaye jioni moja Twiga alipotoka kufungwa mpirani alisimama mlangoni pake na kumcheka: "Miguu yote hiyo, na goli hulioni!" Na alimkasirikia Twiga zaidi ya wote, kwa kuokota jiwe na kulipeleka moja kwa moja kwenye kioo cha dirisha la kinyozi. Polisi waliitwa, Twiga akakiri palepale. Lakini kesi haikusikilizwa. Mara hakimu amesafiri, mara jalada halijafika. Basi akakaa humo, akikohoa.

Asubuhi iliyofuata haikuwa siku ya shule. Kiberiti na shangazi walipeleka mashuka yakiwa yamepigwa pasi, wakaambiwa wasaidie kutandika. Godoro la mwisho lilikuwa bado linaburutwa kutoka stoo mkaguzi alipoingia. Alikuwa mama mnene kidogo, mwenye viatu vya chini na miwani iliyoning'inia kifuani.

Watoto walipangwa mstari ukumbini. Msimamizi alisimama mbele yao akichezea funguo zake.

"Hamjambo, wanangu," alisema mkaguzi. "Mnalala wapi?"

"Vitandani!" walijibu wote kwa pamoja, kama wanaoimba hesabu za kuzidisha.

Mwisho wa mstari, Twiga aliinama akakohoa. Alikohoa mpaka akajishika ukutani.

"Mafua hayo tu, mama," alisema msimamizi haraka. "Unajua watoto, wakicheza hawakumbuki kuvaa sweta."

Kiberiti alikuwa amesimama mlangoni na mto mkononi. Alimtazama kaka yake. Twiga alimwona, akatikisa kichwa polepole: usiseme. Kiberiti alijaribu. Alimeza mate, akauma mdomo. Lakini msimamizi aliongeza, "Hapa tunawalea kama wa kwetu," na hapo hakuweza tena.

"Mwongo!"

Ukumbi mzima uligeuka.

"Adabu yako iko wapi?" alifoka msimamizi. "Msamehe, mama. Huyu ni mtoto wa dobi, akili hazimtoshi."

"Sema unachotaka kusema, mwanangu," mkaguzi alimwambia Kiberiti. "Ila bila kutukana."

"Wanalala chini, kwenye magunia. Vitanda hivi vimetandikwa kwa ajili yako. Ukiondoka, vinaondoka na wewe."

Msimamizi alicheka, kicheko kisichofika machoni. Akamgeukia shangazi kwa sauti laini. "Dobi wangu, hebu mwambie mama. Wewe si ndiye unayenifulia mashuka kila wiki?"

Shangazi alikuwa ameshika kapu tupu. Kiberiti aliitazama mikono yake, ngozi imebabuka kwa sabuni, akajua jibu litakalokuja. Atasema ndiyo. Watarudi nyumbani, na Twiga ataadhibiwa kwa ulimi wa dada yake. 

"Kila wiki?" alisema shangazi. Aliweka kapu chini. "Tusidanganyane, baba. Unaniletea mkaguzi akija tu. Na ninachofua ni vumbi. Jasho la mtoto sijawahi kulikuta kwenye mashuka yako, hata siku moja."

 Mkaguzi alivaa miwani yake.

"Kila mara nilitoa taarifa kwamba naja," alisema, na ilikuwa wazi kwamba amejikasirikia mwenyewe. "Nikaja siku niliyosema, nikaonyeshwa nilichoandaliwa. Leo siondoki. Nifungulie stoo."

Ndani ya stoo alikuta magunia yamerundikwa, mengine bado yana unyevu.

Msimamizi alisimamishwa kazi. Watoto waliokuwa wakikohoa walipelekwa hospitali. Shangazi naye aliambiwa na wenzake wa msimamizi kwamba kazi ya kufua pale imekwisha, na kwa majuma kadhaa walikula mlo mmoja kwa siku. Lakini Kiberiti hakupoa.

"Kwa hiyo sasa atalala pazuri, ila atabaki humohumo?" alimuuliza mkaguzi walipokutana tena hospitalini. "Kwa kioo?"

"Hapana," alijibu mkaguzi. "Kesi yake nimeifuatilia. Hakimu wa watoto amekubali imalizwe mtaani kwenu, chini ya afisa ustawi wa jamii. Ila kaka yako hasamehewi bure. Atakabiliana na kinyozi uso kwa uso."

Kikao kilifanyika kwa kinyozi, kwenye mabenchi ya wateja. Dirisha lilikuwa bado limezibwa kwa mbao. Afisa ustawi, kijana mwenye sauti ya taratibu, alimpa kinyozi nafasi ya kwanza.

"Mimi nasema arudishwe ndani!" kinyozi aliwaka. "Mvua imeninyeshea humu, wateja wamenikimbia. Leo jiwe, kesho panga!"

Twiga alisimama ili ajibu, lakini kikohozi kikamtangulia. Alikuwa amekonda hata shati lilimning'inia kama limeanikwa.

Kinyozi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Hicho kikohozi amekitoa wapi?"

Shangazi alimweleza. Kinyozi alitazama sakafu.

"Nilidhani kule wanafundishwa," alisema.

"Ulidhani!" Kiberiti alidakia. "Ungekwenda kuangalia!"

"Na wewe funga mdomo," Twiga alimwambia, kisha akamgeukia kinyozi. "Jiwe nilirusha mimi. Uliponicheka niliona aibu, nikataka na wewe uumie. Naomba unisamehe, mzee."

"Kukucheka nilikosea," alisema kinyozi. "Lakini kioo ni kioo."

Walikubaliana kwamba Twiga arudi shuleni, na kila jioni afagie nywele, achemshe maji na kufua taulo za kinyozi, mpaka kazi yake itoshe kioo kipya.

"Na asipokuja?" aliuliza kinyozi.

"Nitakuwa napita," alisema afisa. "Siku sitaisema. Nikikuta hayupo, nitauliza. Nikikuta unamfanyisha kazi mpaka usiku, nitauliza pia."

"Kumbe na mimi nakaguliwa?"

"Hata wewe, mzee wangu."

Watu walicheka. Kiberiti hakucheka. Twiga alibaki kuanza kazi, na njiani kurudi nyumbani Kiberiti alipiga teke kila kijiwe alichokutana nacho.

"Bado una hasira?" aliuliza shangazi.

"Wamemchukua akiwa mzima, wamemrudisha mgonjwa. Na wote mlijua."

Shangazi alisimama katikati ya njia, kapu lake mkononi. Hakumkemea.

"Ni kweli. Nilijua kabla yako, mimi mtu mzima, nikanyamaza kwa sababu ya kibarua. Hilo usijifunze kwangu. Mtoto akikosa, lazima arekebishwe, na Twiga atafagia mpaka mgongo umuume. Lakini arekebishwe mbele ya macho yetu. Tukishamficha nyuma ya ukuta na kusema yamekwisha, anayeshika funguo atafanya apendavyo, na kosa litakuwa letu sote. Kwa hiyo ukiona jambo baya, liseme kwa anayeweza kulizuia. Hata kama anayekunyamazisha ni mimi."

Kiberiti alimpokea kapu, wakaendelea kutembea, na vijiwe vilivyobaki njiani aliviacha.