Hodi Katika Nyumba Tupu

Mtu mwenye akili zake hapigi hodi mjini Ibra, nchi ya Waarabu, saa nane ya mchana, mwezi wa tano. Saa hiyo maduka yamefungwa, njia zinachoma nyayo, na kila mtu yuko chini ya kiyoyozi amelala qailula. Na hata akitokea mwendawazimu wa kutoka, hatapiga hodi; Waarabu wa mtaa ule hubonyeza kengele, au huita tu, "Ya Umm Badria!" Kwa hiyo Bi Rahila aliposikia "Hodi!" mlangoni pake, hodi ya Kiunguja hasa, moyo uliruka kwa furaha kabla akili haijauliza kitu.

"Karibu!" alijibu kutoka jikoni, akifuta mikono kwa kanga. "Karibu, nnakuja!"

Alifungua mlango. Njia ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna mtu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akajicheka kwa uzee unaomwingia masikioni. Ndipo nyuma yake, ndani ya majlis, chumba cha wageni, akasikia mto ukikandamizwa taratibu, kama mtu aliyekaribishwa anavyokaa.

Aliingia akatazama. Hapakuwa na mtu, ila mto mmoja ulikuwa umebonyea katikati, na chumba kizima kilinuka mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Yeye hakuwa ameoka mkate.

Ulikuwa mwaka wa 2004. Mumewe Khalaf alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na ndiye mtu wa mwisho kupiga hodi katika nyumba ile. Maskini, alikuwa akipiga hodi hata kuingia kwake mwenyewe. Badria, mtoto wao wa pekee, alikuwa na kazi na mume Maskati, akija Alhamisi moja kati ya nne. Wazee walisema upweke ni uvundo, na Bi Rahila alishauzoea uvundo huo hata hausikii tena. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimwamsha asubuhi. Badria alikuwa na mimba. Mbili za mwanzo zilitoka, hii ya tatu ilikuwa imeshika, na binti alishaahidi kuja kukaa arubaini yake kwa mama. Siku arobaini za mtoto mchanga katika nyumba ile! Bi Rahila alishashona shuka na foronya, na alikuwa akiomba kila sala asimkose mjukuu huyu.

Sasa tuseme kosa lilipotokea, maana lilitokea mbali.

Mwezi uliotangulia, idara ya Badria ilimpeleka Budapest kwa mafunzo ya wiki mbili, naye akamchukua mama akaone dunia. Mchana Badria yuko darasani, mama yuko hotelini anahesabu tramu. Siku ya nne kijana wa mapokezi akamwambia kuna matembezi ya miguu yanaanzia mlangoni hapo, ya mtaa wa zamani wa Mayahudi, na kiongozi ni mama mtu mzima anayekwenda polepole. Bi Rahila akavaa abaya na raba zake, akaenda. Kiingereza alikuwa nacho tangu skuli Unguja.

Kiongozi aliitwa Magda, rika lake, ana mwavuli mwekundu anaouinua juu ili watu wasipotee. Aliwaonyesha sinagogi kubwa lenye minara miwili ya vichwa vya duara, na nyuma yake mti wa chuma ambao majani yake yameandikwa majina ya watu waliouawa. Bi Rahila alisoma majani mpaka shingo ikamuuma. Walikuwa watu wa mji, Magda alisema, washonaji, madaktari, waoka mikate, wakizungumza lugha ya mji, na siku moja wakaambiwa kwamba si wenzetu nyinyi. Maneno hayo Bi Rahila aliyajua. Aliambiwa naye, mwaka wa sitini na nne, mbele ya mlango wa kwao Malindi ya Unguja.

Mwisho waliingia uani kwa nyumba moja ya zamani. Chini palikuwa na makazi ya muoka mikate, baba, mama na watoto watano. Kwenye mwimo wa mlango Magda akawaonyesha kovu la mshazari, mahali palipobanduliwa kikasha chenye maneno ya Mungu, na Bi Rahila akaikumbuka Ayatul Kursi iliyo juu ya mlango wake. Asubuhi moja ya baridi walichukuliwa wote saba, hakurudi hata mmoja. Tangu siku hizo wapangaji hawakai hapo, Magda alisema. Wanalalamika kuna mtu anafungua mlango kila mara kuchungulia uani.

Wenzake waliingia kama wanaingia dukani. Bi Rahila hakuweza. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Alisimama kizingitini akapiga hodi, mara tatu, kama alivyofunzwa. Na alivyofunzwa pia ni kwamba hodi tatu zisipojibiwa, unarudi. Hakurudi, aliingia. Na wakati wa kutoka, akiwa wa mwisho, aliona haya kuondoka bila kuaga, akaziambia kuta yale ambayo kila mwanamke wa Unguja huyasema bila kufikiri: "Haya, sisi tumeaga. Na kwetu nako karibuni, msitutupe."

Basi alikaribisha, na karibu ile ilipokelewa.

Baada ya siku ile ya mto, mgeni alikuja kila mchana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alijipa mwenyewe. Bi Rahila aliamka akakuta unga umekandwa jikoni, umefunikwa kwa kitambaa. Siku ya tano akakuta finjani saba zimepangwa chini, juu ya zulia la majlis, na birika katikati likitoa moshi. Na siku ya saba alisikia sauti. Alikuwa kitandani, macho wazi, kiyoyozi kikinguruma, akasikia nyayo za viatu vizito zikitoka jikoni, zikipita ukumbini, zikisimama mbele ya mlango wa nje, na mlango ukafunguliwa, ukakaa wazi muda wa mtu kuchungulia, ukafungwa, na nyayo zikarudi, zikaja tena, mlango ukafunguliwa tena, na kila ukifunguliwa sauti iliita majina matano ya kigeni, polepole, la mkubwa kwanza na la mdogo mwisho, na sauti yenyewe, Mola atuhifadhi, ilikuwa sauti ya Bi Rahila, ile ile aliyoiacha kizingitini kule Budapest.

Alijifunika shuka mpaka kichwani, akasoma kila sura aliyoijua, na nyingine akazichanganya kwa hofu.

Lakini nikwambie ukweli ambao mwenyewe hakumwambia mtu: mgeni alipoingia mwezi wake wa pili, hofu ilipungua. Nyumba ilikuwa na nyayo za mtu. Akipika, alijua kuna anayenusa. Ikafika siku akaanza kusema peke yake, "Leo joto, yakhe," na mto wa majlis ukabonyea kama kumjibu. Akalia siku hiyo, kwa aibu na kwa raha pia.

Badria ndiye aliyemzindua. Alhamisi nyingine alifika usiku na kuondoka asubuhi; hii ya mwisho kabla ya kujifungua alikuja mchana, tumbo mbele, akasimama ukumbini akikunja pua, akauliza kwa Kiswahili chake cha Maskati:

"Mama, nyumba iko na harufu gani hii? Na mlango nani ameifungua? Mimi nimeifunga."

"Upepo, mwanangu."

"Upepo gani, mama? Hakuna hawa, hakuna hewa kabisa." Akateremsha sauti. "Mama, kuna mtu ameshika tumbo langu. Sasa hivi. Wallahi, mkono baridi."

Badria alirudi Maskati jioni ile ile, na kesho yake alfajiri Bi Rahila alikodi teksi hadi Izki, kwa Maalim Amur, mzee aliyesomea Unguja kabla ya mapinduzi na anayesomea watu nyumbani kwake, kando ya mashamba ya mitende. Alimkuta kibarazani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, nieleze."

Alimweleza yote, na mzee alisikiliza akivuta tasbihi.

"Huyo si mzimu wa wale marehemu," alisema. "Wale wako kwa Mola wao. Huyo ni jini wa nyumba. Kaishi na watu wale, kawapenda, siku moja wakachukuliwa mbele ya macho yake, yeye akaachwa. Miaka sitini hajapigiwa hodi. Wewe ukampigia."

"Mtoe, Maalim. Mwanangu anakuja na mtoto."

"Ubani hautamtoa, alikuja kwa karibu yako. Atatoka kwa kinywa chako. Mwambie kweli, kwamba watu wake wamekufa na hawarudi. Atalia, nyumba itatikisika, kisha atakwenda zake. Lakini sikiliza, bibi." Akamshika kwa macho. "Usimpe uongo. Jini anayengoja, ukimpa ahadi umempa nyumba."

Bi Rahila alirudi na maneno hayo kama aliyebeba maji kiganjani. Mchana ule alikaa majlis, akangoja. Harufu ya mkate ikaja. Mto ukabonyea, karibu yake kabisa safari hii, magoti kwa magoti.

"Wako wapi?" sauti yake mwenyewe ikamuuliza. "Watoto wako wapi?"

Alifungua kinywa. Na hapo, moyoni, akamwona marehemu baba yake, juu ya godoro katika nyumba hii hii, akiuliza kila jioni, "Rahila, tunarudi lini Unguja?" Miaka kumi na moja aliuliza, na miaka kumi na moja Rahila alimjibu, "Karibu, baba, inshallah," kwa sababu alijaribu mara moja kusema kweli, akaona uso wa mzee ulivyoporomoka, akaapa hatautazama uso kama ule tena.

"Watakuja," alisema. "Wametoka tu. Watakuja."

Kitu kilishusha pumzi ndefu, ya baridi, shingoni pake. Kisha nyumba ikanyamaza. Hapakuwa na nyayo, wala mlango kufunguka, wala harufu. Wiki ikapita, wiki tatu zikapita. Bi Rahila aliushukuru ulimi wake na kumcheka Maalim moyoni: si uongo mdogo tu umetosha?

Nabhan alizaliwa mwezi wa kumi na moja, mzima, ana nywele tele, na siku ya tano Badria aliingia naye Ibra. Bibi hakuwa na pa kuweka furaha yake. Alimwogesha, akamfukiza, akamwimbia, akalala naye kifuani.

Siku ya kumi na mbili aliamka kutoka qailula akamkuta Badria ameketi kitandani, anajinyoosha, uso umekunjuka.

"Shukran, mama. Ulivyomchukua mtoto nimelala kama mayiti."

Bi Rahila hakuwa amemchukua mtoto. Miguu ilimpeleka yenyewe ukumbini, hadi majlis.

Nabhan alikuwa chini, katikati ya zulia, juu ya shuka nyeupe aliyoishona bibi yake, anacheka na hewa. Kando yake mito minne midogo ilikuwa imelazwa kwa mstari, kila mmoja na shuka yake imekunjuliwa nusu, tayari kwa wa kulala. Chumba kilinuka mkate.

Bi Rahila alipiga magoti, akapitisha mikono chini ya mjukuu wake, akataka kumnyanyua. Mtoto hakunyanyuka. Alivuta tena, na kitu upande wa pili kikamvuta taratibu, kwa mapenzi, kama mama anavyombakisha mwanawe.

"Mmoja umeniletea," sauti yake ikamwambia, imejaa shukrani. "Wanne lini?"