Maji ya Nyoka wa Leifur

Haya aliniambia Halldora mwenyewe, jirani yangu hapa Gimli, mji wa kaskazini wenye baridi kali. Kila majira ya baridi mumewe Leifur aliwalaza nyoka wake wa mistari sandukuni, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Bila usingizi huo hawazai. Wakiwa usingizini hawali, ila kila Jumapili Leifur aligonga kifuniko mara mbili, kama mtu anayebisha hodi, akawabadilishia maji ya bakulini.

Alikufa Januari, nyoka wakiwa bado wamelala. Halldora akawakumbuka Machi.

“Watakuwa wameshakauka, mama,” binti yake alimwambia kwenye simu. “Waache tu.”

“Baba yako kaniachia hao tu.”

Akashuka ngazi gizani, akilia. Chini kifuniko kikagongwa mara mbili.

Akawasha taa. Hapakuwa na mtu. Nyoka wote walikuwa hai, na bakulini, maji yaliyojaa pomoni yalikuwa bado yanatikisika.