Maji ya Adhuhuri juu ya Ukuta wa Kitokwe

Zama zile miji ya pwani ilipokuwa na wafalme wake na kuta zake, na kila mji ukijiona ndio kitovu cha dunia, jeshi la mji jirani wa Mtandawe liliuzingira mji wa Kitokwe. Ugomvi wao ulikuwa juu ya njia ya pembe za ndovu kutoka bara. Mtandawe walitaka ipite kwao, Kitokwe wakakataa, na watu waliokuwa wakiozana mabinti wakaanza kutupiana mishale. Ramadhani iliandama hali ikiwa hiyo, hawa wamo ndani ya ukuta, wale wako nje katika mashamba, wanakula ndizi wasizozipanda.

Amiri wa lango kuu la Kitokwe alikuwa Shekuwe bin Dumila, mtu mrefu, mchache wa maneno, mwenye kitara cha Shamu na ngao ya ngozi ya kifaru. Lakini kilichompa jina mjini hakikuwa kitara. Ilikuwa ni saumu. Tangu alipobaleghe hakuwahi kula mchana wa Ramadhani, si kwa homa, si kwa safari, na watu walilisema hilo barazani mpaka likamwingia. Mtu akisifiwa sana kwa ibada, huanza kuitumikia sifa na kumsahau Aliyeiamrisha. Naye Shekuwe hakujua kuwa yamemfika.

Chini yake alikuwapo Ngwame, ndugu yake wa kunyonya. Mama yake Shekuwe alifariki katika uzazi, na Mwana Avutila, mama yake Ngwame, akawanyonyesha wote wawili. Ngwame alikuwa hodari wa mawe: aliyanyanyua juu ya kichwa na kuyaporomosha kwa adui waliokaribia lango. Alilofanya Shekuwe, na yeye alilifanya, bila kuuliza.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia kiangazi. Mawe ya ukuta yalichoma nyayo. Futari ilikuwa uji wa mtama usio na kitu, na daku ilikuwa uji uleule uliozidishwa maji. Askari walisimama juani kutwa na ngao zao, midomo imewapasuka, macho yamewaingia ndani. Adui, kwa kuwa walikuwa safarini, walitumia ruhusa ya msafiri. Walichoma mbuzi upande unaotoka upepo, wakapiga kelele, "Karibuni chakula, jamaa wa Kitokwe!"

Hapo Kadhi Mahadhi akatoa hukumu. Alisema walio ukutani, wakiona udhaifu, wafungue saumu zao wanywe maji, wapate nguvu za kuulinda mji, kisha walipe siku hizo baada ya Idi. Hukumu ilikuwa sahihi, lakini mwenye kuitoa alikuwa na tumbo kubwa kuliko wote mjini, na kila Shaabani watu walimtania kuwa anaweka akiba ya mwezi mzima. Askari wakacheka. Mmoja wao akasema, "Fatwa hii haikutoka kitabuni, imetoka tumboni."

Shekuwe hakucheka. Alisema kwa sauti ya kusikika, "Anayetaka kunywa na anywe. Mimi nitamkuta Mola wangu nimefunga."

Baada ya neno lile, nani angethubutu kunywa? Mitungi ilipandishwa ukutani ikashushwa imejaa.

Siku ya pili yake, adhuhuri, Kadhi mwenyewe alipanda ngazi na kiriba cha maji begani, anatweta, kanzu imemganda kwa jasho. Akamwendea Ngwame, aliyekuwa ameegemea ukuta, mikono inamtetemeka, akamtilia maji katika kata.

"Kunywa, mwanangu. Umeona udhaifu, na Mungu amekuruhusu."

Ngwame akayatazama maji yale. Kisha akamtazama Shekuwe. Akatikisa kichwa.

Kadhi akageuka. "Amiri, huyu anakuogopa wewe kuliko anavyomwogopa Mungu. Mwambie anywe."

"Simzuii, Kadhi wetu."

"Humzuii kwa mdomo, wamzuia kwa macho. Anywe mmoja wenu mkubwa, wote watakunywa. Saumu ina siku zake za kulipwa. Ukuta hauna."

"Na wewe mbona hunywi?" Shekuwe akauliza, na walio karibu wakatabasamu.

"Mimi nashinda kivulini, Bwana. Sina ruhusa," akajibu Kadhi, na midomo yake ilikuwa imekauka kama yao. "Mola aliyesema funga ndiye aliyesema fungua. Ukimtii katika moja na ukamkataa katika la pili, wamtii nani? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe wasifiwa kutwa."

Maneno yale yalimuuma Shekuwe, kwa sababu yaligusa palipo na kweli. Angeweza kuunyoosha mkono. Hatua ilikuwa ndogo, na kata ilikuwa mbele yake. Lakini askari wote walikuwa wakimtazama, naye akaona haya ya watu. Akamwambia Kadhi ashuke, mahali pale si pa wasomi. Kisha akampiga Ngwame begani na kusema, "Ndugu yangu hanitii aibu." Ngwame akacheka kwa furaha, midomo ikamtoka damu.

Kabla ya alasiri adui wakaja. Walikuwa wameshiba na wamelala, tena walijua saa gani aliyefunga juani huishiwa na nguvu. Walikuja na gogo la mti wa mvumo, wakaanza kulipiga lango. Pinde za Kitokwe zilivutika nusu. Mishale ilianguka katika mchanga mbele ya miguu ya watu, na Mtandawe wakaikanyaga wakicheka.

Ngwame alinyanyua jiwe, akalifikisha juu ya kichwa. Hapo macho yakamgeuka. Jiwe lilimtangulia, naye akalifuata, akaanguka upande wa nje, mbele ya lango, katikati ya mikuki. Shekuwe alirukia ukingoni akakamata hewa. Aliliita jina la nduguye mara moja tu, maana koo lilikuwa kavu na sauti ya pili haikutoka.

Lango halikuanguka siku ile, lakini si kwa mikono ya Shekuwe. Komeo lilipoanza kupasuka, Kadhi Mahadhi alilizuia lango kwa kifua na tumbo lake lote, na wanawake wa mtaa wakaja na michi na vinu wakavirundika nyuma yake, mpaka adui wakachoka kupiga. Jua lilipotua, Mtandawe waliomba sulhu ya kurudishiana maiti. Walimleta Ngwame amefunikwa shuka, kwa heshima, maana wao pia walikuwa Waislamu.

Kesho yake, adhuhuri, Mwana Avutila alipanda ukutani. Alikuwa na kaniki ya msiba na bakuli la maji. Askari wakampisha. Hakulia. Alisimama mbele ya Shekuwe, naye Shekuwe akashindwa kuinua macho.

"Mama, nimemuua," akasema.

"Ajali yake iliandikwa na Mungu. Kiburi ni chako," akajibu Mwana Avutila. "Nilikuwa na wana wawili. Kunywa."

"Mbele ya watu wote, mama?"

"Mbele yao hasa."

Shekuwe akalipokea bakuli. Akasema bismillahi, akanywa, jua likiwa utosini, na machozi yakachanganyika na maji. Hakuna saumu aliyoifunga maishani iliyokuwa nzito kama kule kufungua. Alipomaliza akawageukia askari. "Kunyweni. Ni amri ya Mungu kabla haijawa yangu."

Wakanywa. Mtandawe walipokuja tena saa yao ileile waliyoizoea, walikuta pinde zinavutika mpaka sikioni. Gogo lilibaki mchangani na wabebaji wake. Kabla mwezi wa Idi haujaandama, mashamba yalikuwa matupu, adui wameondoka.

Mji ulipotulia, mfalme alifanya karamu, na malenga akatunga utenzi mrefu wa kumsifu Shekuwe, amiri asiyegusa maji, aliyevunja jeshi kwa saumu. Shekuwe alisimama katikati ya watu na kusema, "Uongo huo. Nilikunywa. Nilichelewa kunywa, na kwa kuchelewa kwangu Ngwame amekufa. Wimbo huo mpeni Kadhi."

Watu wakatazamana. Kisha mfalme akatabasamu, akasema, "Tazameni unyenyekevu wake!" na ukumbi mzima ukampigia vigelegele. Malenga akaongeza beti juu ya unyenyekevu. Utenzi ule ukaimbwa Kitokwe vizazi na vizazi, Ngwame hamo, na Kadhi yumo katika ubeti mmoja tu, wa kuchekesha, kuhusu tumbo lake.

Shekuwe aliketi. Upande wa wanawake, nyuma ya pazia, Mwana Avutila peke yake hakupiga kigelegele.